Orodha ya Wachotaji

Kompyuta yetu ilimuua Bibi Yustina siku ya Pasaka, saa mbili kasorobo asubuhi, binti yangu akiwa ameketi mbele yake na daftari la dawa mkononi. Picha iliganda. Bibi alikuwa ameanza kusema kwamba mgongo unamuuma, na mdomo wake ukabaki wazi hivyo hivyo kwa dakika kumi na moja. Picha iliporudi, shuka lilikuwa limeshafunika uso.

Niseme mapema kwamba Bibi Yustina hakuwa mtu wa nyama na damu. Alikuwa mgonjwa wa mtihani. Siku hizi mwanafunzi wa uuguzi hamalizi masomo kwa kujaza karatasi. Chuo kinamletea mgonjwa nyumbani, anakaa ndani ya kompyuta siku arobaini na homa zake, historia yake na ukorofi wake, na mwanafunzi anamhudumia bila kuruka zamu. Siku ya arobaini mgonjwa akiwa hai, umefaulu. Kompyuta ikiganda zaidi ya dakika kumi, chuo kinahesabu kwamba muuguzi ametoroka wodini, na hakitaki kusikia habari za umeme wala za mashine mbovu. Bibi Yustina alikufa siku ya thelathini na moja. Edina alimlilia hadi akapoteza sauti, na mimi kwa uchungu wangu nikamwambia aache kulilia picha. Nilikosea. Alikuwa amemwogesha yule bibi kila asubuhi kwa mwezi mzima.

Mtihani huo unaruhusiwa mara mbili tu maishani. Mara ya pili ilikuwa inakuja Julai ya mwaka uliofuata, na ndiyo maana mwezi Mei nilikubali kumwita fundi, jambo ambalo sijawahi kulipenda.

Ile kompyuta niliiunda mwenyewe. Mimi ni Otmari Nyagawa, nimekuwa mkaguzi wa mizani hapa Njombe kwa miaka thelathini na miwili, na mtu wa mizani hapendi kitu asichoweza kukifungua. Niliinunua kipande kwa kipande: kasha kwanza, halafu mazabodi, halafu prosesa iliyokaa kabatini miezi mitano ikisubiri wenzake. Ilikaa sebuleni juu ya meza ya mvule, na ukungu wa Juni ulipoingia mjini marehemu mke wangu aliweka miguu karibu na feni yake, na soksi zetu zilikauka juu ya kasha. Ilipoanza kuwa nzito niliiongezea kumbukumbu. Ilipozidi kuwa nzito nikabadilisha diski, nikabadilisha feni, nikatoa vumbi kwa brashi ya rangi. Haikusaidia kitu. Kila mwaka ilikuwa nzito kuliko mwaka uliopita, nami nikajiambia kwamba vyombo huzeeka kama wenyewe tunavyozeeka.

Fundi aliyekuja aliitwa Salmini, mtu wa Tanga, amejifunga skafu mbili na bado anatetemeka. Edina alikuwa zamu hospitalini. Salmini alifungua kasha, akagusa hapa na pale, kisha akaunganisha kifaa chake.

"Mzee, hii mashine haina ugonjwa," akasema. "Imeundwa vizuri kuliko nyingi ninazoziona. Ina mzigo. Nani anachota hapa?"

"Majirani. Sijui ni nani. Hatuangaliagi."

"Hamwangalii?"

"Hatuangaliagi."

Alicheka, akidhani namtania. Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha, kwetu ni adabu. Bibi zetu walikwenda kwa jirani na kigae kuomba moto, na mwenye moto hakuuliza unakwenda kupika nini. Kompyuta za nyumbani zilipoenea, zile za mwanzo zilitengenezwa na mlango mdogo wa kuazima: nguvu ambayo huitumii, jirani mwenye shida anaichota kupitia hewani. Huyu anamalizia hesabu za duka, yule anamalizia kazi za shule za mtoto. Ndani ya kila mashine kuna orodha ya wachotaji. Anayechota anaona anachota nyumba gani, ila mwenye nyumba haifungui orodha yake. Kuifungua ni sawa na kufunua sufuria ya mgeni uone amebakiza nini. Mtaa mzima tulikuwa hivyo, na tulijivunia, tukawacheka watu wa miji mikubwa kwa uchoyo wao.

"Kwetu tunaangalia," Salmini akasema, na kabla sijamzuia akabofya.

Nilidhani nitaona majina ishirini. Palikuwa na jina moja. Gaudensia Mligo. Miaka sita.

Mwalimu Gaudensia ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua wa michongoma. Alifundisha kwaya ya parokia miaka ishirini na mitano. Edina aliingia mikononi mwake akiwa na miaka tisa, akawekwa sauti ya pili, na mama yake alipofariki ni Mwalimu aliyekuwa akija kumsuka kila Jumamosi bila kuitwa. Miaka sita iliyopita kiharusi kilimpiga kikachukua usemi wote. Hospitali ikampandikiza uzi kichwani, mwembamba kuliko unywele. Uzi ule unalisoma neno kabla halijafika mdomoni, na kipaza sauti kidogo kwenye kola kinalitamka kwa sauti yake mwenyewe, waliyoiokota kwenye kanda za kwaya. Tulijua yote hayo. Ambacho hatukuuliza ni hesabu zile zinapigwa wapi, maana uzi hauna akili, unatuma tu. Zilikuwa zinapigwa sebuleni kwangu.

"Huyu peke yake ndiye anayeilemea?" nikauliza.

"Kusema kwa mtu ni kazi kubwa kuliko unavyodhani, mzee. Zamani naona alikuwa anachota nyumba nane, kidogo kidogo. Hizo nyingine zimefungwa moja moja. Wamenunua mashine mpya. Imebaki hii." Alisogeza kidole kwenye mchoro. "Na ni mtu mwenye heshima zake. Tazama. Asubuhi hachoti kabisa. Kuanzia saa mbili hadi saa nane, sifuri. Mwaka mzima."

Saa hizo ndizo Edina alizokuwa akisomea.

Mstari ule ulikuwa umelala chini miezi kumi na mbili yote. Nyuma yake palikuwa na mlima mmoja, mrefu hadi ukagusa juu ya kioo. Sikuhitaji kusoma tarehe. Jumapili ya Pasaka, saa moja na nusu asubuhi hadi saa nne na dakika kumi.

Pasaka ile Mwalimu aliimba. Nilikuwa kanisani, benchi la tatu. Alikuwa amekaa miaka mitano bila kuthubutu, na asubuhi ile akasimama mbele ya kwaya, akainua mkono wa kushoto, sauti ikatoka kwenye kola yake safi, changa, sauti ya mwanamke wa miaka arobaini, na watu wazima wakalia. Mimi nililia. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikamkuta Edina amekaa sakafuni.

Baada ya siku ile Mwalimu aliacha kwaya. Akapunguza maneno. Ukimsalimia anajibu kwa neno moja, ukimuuliza swali anakupa nusu ya jibu. Watu wakasema ameota maringo tangu apigiwe makofi. Nami nilisema hivyo, dukani, mbele ya watu. Kumbe habari za mgonjwa wa Edina zilimfikia siku ile ile, akapiga hesabu zake, akajua ni nini kilichotokea, na tangu hapo akawa anasema kwa kujibana ili mwanangu asome.

"Nimfunge?" Salmini akauliza. "Ni kubofya mara moja. Mashine itakuwa nyepesi sasa hivi."

"Acha."

"Basi mtihani hautapita hapa, mzee. Mgonjwa na mama huyu hawatatoshea pamoja. Watagongana tu siku moja."

"Nimesema acha. Na binti yangu asijue."

Namjua Edina. Angejua, angeandika barua chuoni siku hiyo hiyo ya kujitoa, halafu angekuja kunitengenezea chai kama hakuna kilichotokea.

*

Juni ilipokaribia kuisha nilikwenda dukani mwenyewe. Duka liko karibu na soko, lina vioo na taa nyeupe, na muuzaji ni mama mmoja mchangamfu aitwaye Tusekile, ambaye nimewahi kumtoza faini kwa mizani ya sukari zamani akiwa na genge. Hakunikumbusha.

Alinionyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, nyembamba, ya kuandikia barua. Ya pili ilikuwa na kioo kizuri lakini alikiri mwenyewe kwamba mgonjwa wa mtihani angeitoa jasho. Ya tatu lilikuwa boksi jeusi, kubwa kama debe, laini pande zote. Niliigeuza kichwa chini kutafuta skrubu.

"Inafunguliwa wapi?"

"Haifunguliwi, baba. Ikisumbua tunaichukua tunakupa nyingine."

"Nikitaka kuongeza kumbukumbu?"

"Unaomba, kampuni inakuongezea huko huko ilipo. Wewe hushiki kitu. Wagonjwa watatu inabeba hii, siyo mmoja."

"Na kuazima jirani?"

Aliniangalia kwa kuniheshimu, kama anavyoangaliwa mtu anayeuliza nauli za zamani. "Ile ilikwisha, baba. Hizi zimezibwa. Kila mtu na chake, ndiyo usalama wenyewe."

Nikauliza yote ambayo mtu angeuliza. Kuna mashine mpya inayoweza kubeba uzi wa zamani? Hakuna, mashine mpya zinakubali nyuzi za kampuni zilizozitengeneza, na uzi wa zamani haung'olewi kichwani mtu akabaki salama. Naweza kuweka mbili, mpya na ya zamani? Nyumba moja inapewa namba moja, na boksi haliwaki hadi mashine ya zamani iachie namba. Naweza kumpa jirani ile ya zamani aiweke kwake? Za zamani haziandikishwi tena. Ikitoka kwenye nyumba yake, imekuwa chuma.

"Mtaa wenu nimewauzia wote," Tusekile akasema, akifuta boksi kwa kitambaa. "Wewe ndiye uliyebaki."

Nikanunua. Nilikuwa nimeshauza miti yangu ya misindano kwa ajili hiyo.

Nilirudi kwa miguu, ukungu umeshuka hadi kwenye nguzo za umeme. Njia nzima nilijitetea. Mwalimu ana miaka sitini na saba, Edina ana ishirini na sita. Mwalimu ameshaishi na sauti yake, ameshaimba, ameshafundisha watoto mia tano. Edina ataokoa watu. Nilipofika kwenye daraja nikayasikia mawazo yangu mwenyewe. Nilikuwa napima binadamu kwa miaka iliyobaki, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Niliona haya, na bado sikurudi dukani.

Niliamua hivi: nitamwambia. Nitasimama kwenye ua nimwambie Mwalimu kwamba nimeona orodha, na yeye ndiye atakayesema. Nilifurahi kwa uamuzi huo. Ulinipa siku tatu za kulala.

*

Boksi lililetwa Alhamisi saa kumi jioni, kwa bajaji ya mizigo, na mtaa mzima ukaliona. Mwalimu alikuwa upande wake wa ua akianika mahindi ambayo hayakauki katika hali ile ya hewa.

"Kamwene, Mwalimu."

"Kamwene, Baba Edina."

Dirisha la sebule yangu lilikuwa wazi. Alipotamka maneno yale mawili nilisikia ndani ya nyumba feni ya kompyuta ikipanda, vuu, halafu ikashuka. Nilikuwa nimeisikia feni ile mara elfu nikaona ni uzee wa mashine.

"Kubwa," akasema, akiitazama bajaji. Feni ikapanda, ikashuka.

"Ni ya mtihani wa Edina."

Akatikisa kichwa polepole. Hapo ndipo maneno yangu yalipotakiwa kuanza. Nilikuwa nimeyapanga. Nikafungua mdomo, nikamwambia kwamba wiki hii baridi ya sakitu imeunguza viazi vya watu kule bondeni. Mdomo wangu ni mzima, hauna ugonjwa wowote, nao ukakataa.

"Lini?" akauliza.

"Inafungwa Jumamosi. Mgonjwa anaingia Jumatatu."

Aligeuza mahindi kwa kiganja. Halafu akasema maneno marefu kuliko yote niliyomsikia akisema tangu ile Pasaka.

"Edina alikuwa na kosa moja tu. Alikuwa anawahi kuingia. Sauti ya kwanza haijamaliza, yeye keshafika. Nilimwambia ahesabu pumzi mbili, ndipo aingie. Mwambie hata kwa mgonjwa asikimbilie. Ahesabu mbili kwanza, amtazame usoni, ndipo..."

Feni ilikuwa inalia sebuleni hadi kioo cha dirisha kikatetemeka. Niliisikia, naye akaisikia. Tulikuwa tunatazamana. Akatabasamu kwa upande wa mdomo uliobaki na uhai, akaacha sentensi pale ilipofika, na ndani ya nyumba feni ikashuka taratibu.

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia Mwalimu neno lingine. Niliingia ndani nikajifanya nasoma maelekezo ya boksi. Nilijiambia kwamba hajauliza, na kwamba kwa adabu ya kwetu mimi sijui kitu, kwa hiyo siwezi kuzungumzia nisichokijua.

*

Salmini alikuja Jumamosi asubuhi. Edina alikuwa jikoni anakaanga maandazi ya kumpa fundi, anaimba chini chini, na nilisikia akiwahi kuingia.

"Tuifunge orodha kwanza," Salmini akasema, akabofya, akakunja uso. "Mzee. Hakuna mtu."

"Nini?"

"Orodha ni tupu. Amejitoa mwenyewe. Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini."

Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kutoka kwenye mahindi. Siku mbili alikuwa bubu ng'ambo ya ua na sisi hatukugundua, maana tulikwisha zoea asiseme.

Salmini alishusha sauti. Alikuwa mtu mwema, na siku ile niliona kwamba yeye mwenye kuangalia orodha za watu alikuwa na aibu kuliko mimi nisiyeangalia. "Namba bado haijaachiwa, mzee. Ukimpelekea mwaliko akakubali, anarudi dakika hii hii. Niutume?"

"Baba, bado?" Edina aliita kutoka jikoni.

Kwa siku nyingi nimejaribu kusema kwamba nilifikiri sana. Sikufikiri. Nilihisi nafuu. Mwalimu alikuwa amenifanyia kazi niliyoshindwa kuifanya, akaniachia nyumba safi, na mimi nilikuwa mtu aliyefunguliwa mlango. Ningeutuma ule mwaliko, ningelazimika kuanza upya.

"Badilisha," nikamwambia.

Feni ilizunguka mizunguko michache bila umeme ikasimama. Miaka kumi na mbili sikuwahi kuisikia sebule yangu ikiwa kimya namna ile. Salmini akabeba kasha lile nje, likiwa bado na joto, akaliweka kwenye bajaji. Boksi jeusi likawaka bila sauti yoyote. Halitoi hata joto la kukaushia soksi.

Edina akaingia na sinia la maandazi. "Jamani, zuri!" akasema. "Mwalimu ameliona?"

"Ameliona."

*

Mgonjwa wa pili aliitwa Mzee Ponsiano, fundi seremala, mapafu yamejaa vumbi la mbao, kisukari na ubishi. Naye alikuwa msemaji. Boksi lile lilikuwa na nguvu za kumwaga, kwa hiyo Ponsiano hakunyimwa neno. Alisimulia vitanda alivyochonga, akalaumu mchuzi, akauliza kwa nini muuguzi wake hajaolewa, akaniita mimi "wewe mzee wa pale" na kunitaka tubishane habari za mbao. Sebule ilijaa sauti yake kuanzia alfajiri. Alikuwa anafanana na mtu kwa kila kitu. Alipokohoa nilijikuta nainuka.

Edina hakukimbilia. Nilikuwa nimempa ule ujumbe, nikamwambia umetoka kwa Mwalimu, naye akacheka: "Bado ananikumbuka kwa kosa langu!" Kabla ya kila sindano nilimwona akisimama, anahesabu pumzi mbili, anamtazama Ponsiano usoni. Siku ya kumi na tisa homa ilipanda ghafla, na ile subira ya pumzi mbili ndiyo iliyomfanya aone kucha zimegeuka rangi. Aliniambia hivyo mwenyewe.

Mimi nilikuwa nakwenda kwenye ua kila asubuhi. Mwalimu alikuwa ameitoa ile spika kwenye kola, na mahali ilipokaa miaka sita palibaki alama ya duara kwenye sweta, sufu mpya katikati ya iliyochakaa. Nilimpelekea viazi. Nilimpelekea kuni zilizopasuliwa. Alipokea kwa mikono miwili, akaniinamishia kichwa. Hakuwahi kuonyesha kola yake kwa kidole, wala kuonyesha nyumba yangu. Alinyanyua mikono kuuliza habari za Edina, mimi nikasema anaendelea vizuri, naye akafumba macho kwa furaha. Nilitamani anichukie. Ningeweza kuishi na hilo.

"Baba," Edina aliniambia siku ya ishirini na mbili, akibadilisha chupa ya dripu kwenye kioo. "Mwalimu mbona haji hata kunisalimia? Nimemkosea?"

"Kifua tu kinamsumbua," nikasema. "Baridi ikiisha atakuwa mzima."

"Nikimaliza hapa nitakwenda kumsugua mgongo kwa mafuta."

"Maliza kwanza."

Ponsiano akadakia kutoka kitandani kwamba na yeye kifua kinamsumbua na hakuna anayemhurumia, na Edina akamcheka, akamrudia.

*

Siku ya arobaini, saa nne asubuhi, Mzee Ponsiano aliomba viatu vyake. Edina akamvalisha. Akasimama, akajinyoosha, akasema asante binti, Mungu akujalie, akatoka kwa mlango wa wodi bila kugeuka nyuma. Kitanda kikabaki na mkunjo wa shuka. Halafu jina la mwanangu likaandikwa kwenye kioo, na chini yake neno moja, amefaulu.

Edina alinirukia shingoni. Tulilia wote wawili, na kilio changu nilikijua mwenyewe.

"Wa kwanza kumwambia ni Mwalimu," akasema, akivuta sweta lake la kijani msumarini. "Baba, atafurahije!"

Ningeweza kumshika mkono. Mlango ulikuwa umbali wa hatua nne. Nilibaki nimekaa kando ya boksi jeusi, mikono imepoa, nikimsikiliza akipita kwenye upenyo wa michongoma huku akiita, "Mwalimu! Mwalimu!" Hakujibiwa. Akaita tena.

Alikaa kule zaidi ya saa moja. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na kope zimevimba.

"Vipi, amefurahi?"

"Sana."

"Mbona macho hivyo?"

"Moshi. Alikuwa anapika, kuni mbichi."

Kuni nilizompelekea zilikuwa kavu, nimezipasua mwenyewe. Sikusema. Edina alinitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mwanangu, kwa huruma, kama tunavyomtazama mfiwa ambaye bado hajaambiwa. Akanichukulia blanketi akanifunika magoti. Akaniwekea chai, akatia sukari vijiko vitatu, yeye ambaye kila siku ananikataza sukari. Siku ile yote alikuwa karibu yangu, akinigusa bega kila anapopita.

Asubuhi iliyofuata sweta la kijani lilikuwa kwenye mgongo wa kiti, na ncha ya karatasi imechomoza mfukoni. Ilikuwa karatasi ya daftari la nyimbo, yenye mistari mitano mitano. Maandishi yalikuwa ya mkono wa kushoto wa mtu ambaye maisha yake yote aliandika kwa mkono wa kulia, makubwa, yanayoteleza nje ya mistari.

Hongera mwanangu. Baba yako hajui kitu. Usimwambie, ataumia.

Niliisoma mara mbili. Nikaikunja kama ilivyokuwa imekunjwa, nikairudisha mfukoni, nikaacha ncha imechomoza vile vile.

Edina akatoka chumbani amevaa sare mpya ya uuguzi.

"Umeamkaje, baba?"

"Salama. Mwalimu anaendeleaje? Jana hukuniambia vizuri."

Alisimama. Nilimwona akihesabu pumzi mbili, akinitazama usoni.

"Kifua tu kinamsumbua," akasema. "Baridi ikiisha atakuwa mzima."